Mkataba wenye kurasa mbili



Wiki iliyopita niliahidi kuendelea na mada ya mirathi ya mtoto aliye tumboni. Naomba radhi, nimeiweka kando kwa wiki hii. Limetufika jambo nyumbani, na nadhani halikutufika sisi peke yetu, kwani katika barua zinazoletwa kwenye safu hii zipo kadhaa zinazouliza swali moja kwa maneno mbalimbali: binti yetu amesomea kazi ya mikono, amepata mwito wa kwenda kuifanya ughaibuni, je, tumruhusu au tumzuie?

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka 26. Alimaliza kidato cha nne, akaingia chuo cha mafunzo ya hoteli, akachagua fani ya ukandaji, ambayo wenyewe huiita masaji. Amefanya kazi miaka minne katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini Unguja. Ana cheti, ana barua mbili za kumsifu, na ana mikono ambayo bibi yake, mwenye magoti mabovu, huisubiri kila Alkhamisi jioni kama mtu asubiriye futari. Aliolewa, akaachwa, na ana binti wa miaka 5 anayelala chumba kimoja na bibi yake mzaa mama.

Mwezi uliopita alipigiwa simu na wakala wa ajira. Nafasi imepatikana katika mji mmoja wa Ghuba, mkataba wa miaka miwili, mshahara mara tatu ya anaoupata hapa. Atoe pasi yake ya kusafiria, picha nne, na shilingi 2,800,000 za gharama. Pasi alikwisha itoa siku ile ile. Picha pia. Fedha ndizo zilizomleta kwangu, yeye na mama yake, baada ya sala ya Isha, na karatasi ndani ya bahasha.

Kabla sijaifungua bahasha hiyo, niseme neno juu ya kazi yenyewe, maana kaka yake mkubwa alipoipata habari hakuuliza mshahara wala mji. Alisema: "Masaji? Tena ugenini? Mjomba, unajua watu watasema nini?"

Najua watakachosema. Lakini watu hao hao, mke akijifungua, humwita mama mtu mzima aje kumkanda mzazi kwa maji ya moto, na hukandwa hivyo siku 40. Mtoto mchanga naye hupakwa mafuta ya nazi, akanyooshwa viungo, na wanaume wa nyumba wakaambiwa wapishe. Bibi harusi husingwa kwa singo na liwa mpaka ngozi ing'ae. Kijana aliyeteguka kiwiko uwanjani hupelekwa kwa fundi wa kuchua, na fundi huyo huenda akawa bibi wa miaka 70 ambaye hakuona mlango wa shule. Hakuna mtu wa pwani aliyewahi kuwaita wanawake hao watovu wa haya. Tuliwapa kanga, tukawapa sukari na mchele, na tukawaombea dua. Aliyoisomea mpwa wangu ni kazi ya bibi zetu iliyoingizwa darasani.

Na darasani imeingia duniani kote. Ukandaji wa Kithai, unaoitwa Nuad Thai, uliingizwa mwaka 2019 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Japani wana sheria ya fani hiyo tangu mwaka 1947, na mtu hapewi leseni ya taifa mpaka asome miaka mitatu na afaulu mtihani. Ujerumani sheria yao ya mwaka 1994 inamtaka mkandaji wa tiba asome miaka miwili, kisha afanye kazi ya mazoezi miezi sita. Jimbo la Ontario, kule Kanada, lina chombo kinachosajili wakandaji, na asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita kwa jina la fani hiyo. Korea ya Kusini ndiyo iliyonishangaza zaidi: leseni ya ukandaji huko wamewekewa wasioona, na Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliitetea sheria hiyo mwaka 2008. Hata uwe fundi wa namna gani, ikiwa macho yako yanaona, mlango huo haukufungukii.

Nayataja haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kumjibu kaka mtu. Ya pili ni kuwatanabahisha mabinti wenyewe, kwa kuwa wengi hudhani cheti cha chuo cha hapa ni ufunguo wa kila kufuli. Sivyo. Cheti ni ushahidi kwamba ulisoma. Leseni ni ruhusa ya nchi kwamba ufanye kazi, na kila nchi hutoa ruhusa yake kwa masharti yake. Zipo nchi ambako kukanda mgonjwa katika zahanati ni jambo la mamlaka ya afya na mitihani yake, ilhali kukanda mgeni wa hoteli au mteja wa saluni ni jambo jepesi zaidi. Anayekuambia "cheti chako kinatosha kila mahali" ama hajui, ama anajua na ana haja na fedha yako.

Lakini kaka mtu naye hakukosea kote, na si haki nimfanye mjinga katika gazeti. Jina la kazi hii limetiwa uchafu. Katika miji mingi ya dunia liko bango limeandikwa masaji na ndani yake kuna biashara nyingine. Wapo mabinti walioahidiwa kazi ya kukanda wakafika wakakuta wanatakiwa kuuza miili yao, na pasi zao ziko kabatini kwa mtu mwingine. Sheria yetu ya kuzuia biashara haramu ya kusafirisha binadamu, ya mwaka 2008, haikutungwa kwa ajili ya hadithi za kubuni. Hofu ya kaka mtu, basi, ina asili. Kosa lake ni kuielekeza kwa dada yake badala ya kuielekeza kwa karatasi.

Na juu ya heshima ya dada yake nilimsimulia kisa ambacho yeye mwenyewe hakuwa anakijua. Mwaka juzi alifika hotelini mwanamke wa makamo, ametoka safari ndefu ya ndege, akaomba akandwe miguu kwa sababu mmoja unamuuma. Mpwa wangu aliutazama ule mguu: umevimba upande mmoja tu, una joto, na ndama ya mguu ni ngumu. Akakataa kuugusa. Mgeni alikasirika, msimamizi akaitwa, na msimamizi naye akakasirika, maana saa ile moja ilikuwa na bei yake. Binti akashikilia neno lake: mguu wa namna hii haukandwi, huenda mna damu iliyoganda katika mshipa, na kuikanda ni kuisukuma iende mapafuni. Mgeni akapelekwa hospitali, na hospitali ikathibitisha. Alipoondoka aliandika moja ya zile barua mbili za sifa. Huyo ndiye mtu tunayemhofia kwamba hana haya. Mtu wa miaka 26 aliyesimama mbele ya bosi wake na mgeni wake kwa ajili ya elimu aliyoaminiwa.

Sasa tuifungue bahasha.

Mkataba ulikuwa wa kurasa mbili, mmoja wa Kiingereza na mmoja wa Kiarabu, zimebanwa pamoja kwa pini. Wa Kiingereza niliusoma kwa sauti, nikiufasiri. Ulisema mambo mazuri: fundi wa ukandaji, saa nane za kazi, siku moja ya mapumziko kwa wiki, makazi kwa pamoja, tikiti ya kurudi mkataba ukiisha. Dada yangu alikuwa akisema alhamdulillah baada ya kila mstari. Mimi nilikuwa tayari kuufunga na kuanza kuzungumzia fedha. Ukurasa wa Kiarabu sikuugusa. Niseme kweli, niliuona kama nakala tu. Na Kiarabu changu, ndugu msomaji, ni cha kusoma msahafu na kuitikia dua.

Binti ndiye aliyeuchukua. Alisoma madrasa mpaka miaka 14, na katika madrasa yao walifundishwa lugha kidogo, yale majina ya vitu: nyumba, mlango, kalamu. Akaupitisha ukurasa kwa kidole kama alivyofundishwa, mstari kwa mstari, kisha akasimama.

"Mjomba," akasema, "hapa kuna manzili."

"Manzili ipi, mwanangu?"

"Manzili, mjomba. Nyumba. Mbona kazi yangu ya hotelini imeandikwa nyumba?"

Nilimwambia huenda ni anwani. Akasema anwani iko chini. Tukatuma mtoto akamwite Maalim wake wa zamani, ambaye nyumba yake ni ya nne kutoka kwetu. Mzee alikuja na miwani yake imefungwa uzi, akakaa, akaomba maji, akasoma ukurasa wote kimya kimya huku tukimtazama midomo. Alipomaliza akauweka juu ya mkeka na kusema kwamba karatasi hii inamwajiri binti huyu kuwa mtumishi wa nyumbani. Hakuna neno la ukandaji, wala hoteli, wala saa nane. Siku ya mapumziko iko, lakini "kwa makubaliano". Na ukivunja mkataba kabla ya miaka miwili, unalipa gharama zote za kuletwa.

Dada yangu hakusema alhamdulillah.

Wasomaji wengine watauliza: kuna ubaya gani katika utumishi wa nyumbani? Hakuna ubaya. Ni kazi ya halali, na maelfu ya mama zetu wamesomesha watoto kwayo. Ubaya uko mahali pengine, na ni mahali ambapo watu wengi hawapajui, kwa hiyo naomba tuketi hapa kidogo.

Katika nchi za Ghuba, sheria ya kazi inayomlinda mfanyakazi wa kampuni kwa kawaida haimhusu mtumishi wa nyumbani. Yeye ana sheria au kanuni zake mbali. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa mfano, kampuni binafsi zinaongozwa na sheria namba 33 ya mwaka 2021, na watumishi wa nyumbani wana sheria nyingine ya mwaka 2022. Kuwait na Qatar nazo zimewawekea sheria ya peke yao. Maana yake ni kwamba neno moja katika ukurasa wa Kiarabu humhamisha mtu kutoka chumba kimoja cha sheria mpaka chumba kingine, pamoja na viza yake, na ofisi ya kupeleka malalamiko, na hata uwezo wa kumbadili mwajiri. Tena Qatar na Falme za Kiarabu, nakala mbili zikitofautiana, inayosimama mbele ya hakimu ni ya Kiarabu. Ule ukurasa wa Kiingereza uliotufurahisha ulikuwa pambo.

Akifika na viza ya nyumbani kisha akapelekwa kufanya kazi saluni, yeye ndiye atakayekuwa mvunja sheria siku wakaguzi wakipita. Na akipelekwa kweli nyumbani kwa watu, cheti chake, miaka yake minne na ule mguu aliokataa kuukanda, vyote vitakuwa havina thamani huko. Hayo yote kwa neno moja alilolitambua kwa sababu ya madrasa ya mchana.

Dini yetu haikuuacha mlango huu wazi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, ni aya ya kuandikiana deni: imeamrisha iandikwe, aandike mwandishi mwadilifu, na mdaiwa asiyeweza kuimla mwenyewe basi msimamizi wake aimle kwa uadilifu. Suratul Maida inafunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba. Lakini mimi usiku ule nilikuwa nikimfikiria zaidi Nabii Musa, amani iwe juu yake. Alifika Madyan mgeni, mkimbizi, hana kitu. Mabinti wawili wa mzee wa mji ndio waliomjua kwanza, kwa kuwa aliwanyweshea mifugo yao bila malipo. Mmoja akamshauri baba yake amwajiri, akataja sifa mbili za kuajiriwa: nguvu na uaminifu. Tazameni sasa mzee alivyofanya. Hakumwambia mgeni yule "njoo ukae, tutaelewana mbele". Alimtajia muda: miaka minane, na ukitimiza kumi basi hiyo ni hiari yako. Akamwambia hakusudii kumtaabisha. Na Musa naye, pamoja na dhiki yake yote, akayarudia masharti kwa kinywa chake, muda wowote kati ya miwili akiutimiza asidhulumiwe, na akamfanya Mwenyezi Mungu kuwa shahidi. Mwajiri na mwajiriwa, mwenyeji na mgeni, na hakuna neno lililofichwa katika lugha ya pili.

Fedha sasa. Huku hupata shilingi 400,000 kwa mwezi, na bakhshishi msimu ukiwa mzuri. Huko aliahidiwa sawa na shilingi 1,200,000. Katika ukurasa wa Kiarabu mlikuwa na makato ya chumba na chakula, kama 300,000 kila mwezi. Zinabaki 900,000. Ziada juu ya mshahara wa hapa ni 500,000. Kwa ziada hiyo, ile 2,800,000 ya wakala itarudi baada ya karibu miezi sita. Nusu ya mwaka wa kwanza, binti anakanda migongo ya watu kwa ajili ya wakala. Dada yangu alikuwa amekwisha zivua bangili mbili za mahari yake na kuzifunga kwenye kitambaa, tayari kwa sonara.

Hata hivyo, nisiwe mtu wa kuona upande mmoja. Miaka miwili kwa ziada ya 500,000 ni milioni 12, ukiondoa za wakala zinabaki 9,200,000. Hiyo ni nyumba ya vyumba viwili iliyofika kwenye linta, au duka. Hapa hapati fedha hiyo hata akifanya kazi mpaka vidole vipinde, na vidole vya mkandaji hupinda kweli: gumba na kifundo cha mkono ndivyo vinavyochoka kwanza, na wenye uzoefu hujifunza kutumia kigasha na kiwiko ili wadumu. Kazi hii ina umri. Anayemwambia "subiri, riziki itakuja" amwambie pia mikono yake itasubiri wapi. Kwa hiyo sikuwa miongoni mwa waliosema asiende. Nilisema asiende kwa karatasi hii.

Na hiyo fedha ya wakala ina swali lake. Shirika la Kazi Duniani, katika mkataba wake namba 181 wa mwaka 1997, liliweka msingi kwamba wakala binafsi asimtoze mfanyakazi ada, isipokuwa kwa machache ambayo nchi itayaruhusu kwa maslahi ya wafanyakazi wenyewe. Ile sheria ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi gharama za kuajiriwa na kuletwa. Qatar tangu Machi 2021 imeweka kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asiyetoa makazi na chakula anaongeza 500 za makazi na 300 za chakula. Na kima hicho kinawahusu watumishi wa nyumbani pia. Basi mtu anapoambiwa alipe milioni mbili na ushee ili apewe kazi, na huku akikatwa chumba na chakula, ana haki ya kuuliza: mwajiri kalipa nini? Nasi Tanzania tuna Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, na Zanzibar iko Kamisheni ya Kazi. Wakala binafsi hafanyi kazi hii bila kibali, na kibali huulizwa kabla ya kutoa pasi, siyo baada. Ndugu zetu wa Kenya wana Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ambayo huchapisha majina ya wakala waliosajiliwa. Sisi tuliuliza tukiwa tumechelewa.

Kaka mtu, baada ya Maalim kuondoka, alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza jambo ambalo kila mmoja wetu alikuwa akilizunguka: huko atawakanda nani?

Ni swali la haki, na binti alilijibu mwenyewe bila kutaharuki. Alisema hotelini hapa aliomba tangu siku ya kwanza apewe wateja wanawake, akapewa, na akalipoteza kwa hilo fungu la mapato. Huko ataomba hivyo hivyo. Na katika nchi nyingi za Ghuba liko jambo ambalo sisi hatuna kwa wingi: saluni na nyumba za urembo za wanawake watupu, mlangoni hakanyagi mwanamume. Lakini ziko pia hoteli ambako mteja ni yeyote aliyelipa. Kwa hiyo ahadi ya mdomo haifai. Sharti hilo liandikwe. Ama adabu ya ndani, jamhuri ya wanazuoni wamesema uchi wa mwanamke mbele ya mwanamke mwenziwe wa Kiislamu ni baina ya kitovu na magoti, na mkandaji aliyefunzwa hufunika kwa taulo kila sehemu asiyoishughulikia, kwa hiyo elimu ya chuo na adabu ya dini hapa hazigombani. Kuhusu safari ya mwanamke bila maharimu, mashekhe wamesema kwa urefu, na wa madhehebu yetu ya Shafii wana maneno yao. Mimi si mufti, na nawaonya wanaotafuta fatwa katika gazeti. Tulimpeleka kwa shekhe wake, akaingia na mama yake, na waliyozungumza ni yao.

Lililobaki lilikuwa zito kuliko yote, na halikuwa katika ukurasa wowote. Mtoto. Mkataba haukuwa na likizo ya kurudi nyumbani mpaka miaka miwili itimie. Ana miaka 5. Mama yake akirudi atakuwa na 7, umri ambao katika fiqhi yetu mtoto anaanza kupambanua na huweza kuulizwa anamtaka nani kati ya wazazi wake. Baba yake yuko mjini, ameoa tena, huleta matumizi mwezi huu na kuukosa ujao. Hakuwa ameambiwa lolote.

"Kumlea nitamlea," dada yangu alisema. "Sijakataa. Lakini nyote mnazungumza mshahara. Mimi nauliza, akirudi, huyu mtoto atamwita nani mama?"

Hapakuwa na aliyejibu. Mtoto mwenyewe alikuwa amelala juu ya paja la mama yake, mkono umeshika bahasha.

Wapo akina baba watakaosoma hapa na kusema: basi jibu ni asiende. Nawaomba wajiulize, je, huwaambia hivyo wanaume? Vijana wangapi wa mtaa wetu wako Muscat na Doha wameacha watoto wa miezi sita, nasi tunawasifu kwa kujituma? Simaanishi kwamba mama na baba ni sawa kwa mtoto wa miaka 5. Nasema gharama hiyo ipo siku zote. Tumezoea tu kuihesabu pale anapoondoka mwanamke.

Tulichoafikiana usiku ule, ilipokaribia saa sita, ni hiki. Kwanza pasi irudi mikononi mwake. Hata huko Ghuba kenyewe sheria za nchi kadhaa, Qatar mojawapo, zinamkataza mwajiri kuishika pasi ya mfanyakazi; itakuwaje wakala wa hapa aishike kabla hata ya mkataba kutiwa saini? Pili, binti aandike barua, kwa jina lake, akitaka mambo matatu katika ukurasa wa Kiarabu: jina la kazi aliyoisomea, pamoja na viza ya kazi hiyo, kuhudumia wanawake peke yao, na likizo ya kuja nyumbani baada ya mwaka mmoja, tikiti ikiwa juu ya mwajiri. Tatu, baba wa mtoto aambiwe, na yaandikwe mbele ya watu wazima makubaliano ya malezi na matumizi. Nne, bangili zirudi mkononi. Binti naye akaongeza lake, na nililipenda: mshahara uingie katika akaunti ya benki yenye jina lake, siyo la kaka wala la mjomba, na yeye ndiye atakayeamua kila mwezi apeleke kiasi gani nyumbani. Kaka mtu alifungua mdomo, akaufunga.

Pasi tuliipata kwa shida. Mimi na kaka mtu tulikwenda mara tatu. Mara ya kwanza mwenye ofisi hayupo; ya pili pasi iko ubalozini; ya tatu tulipotaja kwamba tumetoka Kamisheni ya Kazi na tutarudi huko, ilipatikana ndani ya mtoto wa meza, mbele yetu, chini ya pasi nyingine kama kumi na tano. Sikuwaona wenye pasi hizo. Nimewafikiria sana tangu siku hiyo, na kwa sehemu kubwa ndio walionifanya niyaandike haya badala ya mirathi. Ikiwa katika nyumba yako yuko binti aliyetoa pasi yake mwezi huu, mwombe leo akuoneshe ukurasa wa Kiarabu, na kama hamna wa kuusoma, mpelekee maalim wa madrasa iliyo jirani nawe. Hatawatoza kitu. Wetu alitaka maji tu.

Barua ya binti ilijibiwa baada ya siku 12. Ukurasa mpya wa Kiarabu umekuja, na Maalim ameusoma mara mbili: jina la kazi limebadilika, ni fundi wa ukandaji katika kituo cha wanawake. Likizo ya mwaka imo, ila tikiti ni juu yake mwenyewe. Neno la viza halimo bado, na ada ya wakala imeshuka mpaka 900,000 bila kuelezwa kwa nini ilikuwa milioni 2 na laki 8. Amewaandikia tena. Baba wa mtoto amefika mara moja, amesikiliza, ameomba wiki moja afikiri.

Jana ilikuwa Alkhamisi. Nilipopita kwa dada yangu nilimkuta binti ameketi chini, goti la bibi yake liko mapajani mwake, na mtoto kando naye akilikanda goti la pili kwa vidole vyake vidogo, akimwiga mama. Bibi alikuwa amefumba macho. Aliniambia nisiwasemeshe mpaka wamalize.